Kabla ya Kuziba

Pejo mia nne na nne, yenye turubai nyuma,
ya mwaka ambao hata mwenyewe haukumbuki vizuri,
ilifika Essence ikivutwa kwa kamba
siku mvua ya Bukavu ilipopumzika kidogo
kama mchukuzi anayebadilisha bega.

Zihalirwa akapigapiga mlango kwa kiganja:
"Fundi, mastiki tu. Jumamosi dada yangu anaolewa.
Ziba, sugua, piga rangi nyeupe, basi."

Sikumjibu. Nilichukua nyundo ndogo
nikaanza kugonga na kusikiliza.
Nti, nti: hapa kuna chuma.
Nti, nti, puu: hapa kuna rangi inayoigiza chuma.
Puu, chini ya mlango. Puu, juu ya gurudumu.
Na sakafuni, upande wa abiria,
nyundo haikusema kitu:
ilipita, ikaenda kugusa ardhi.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Kweli. Lakini sisi watu wa bati tunasema
kwanza uupanue.
Kata mpaka ukutane na chuma kinachouma msumeno,
kinachokataa.
Tundu la sarafu likawa sahani,
sahani ikawa sinia,
Zihalirwa akajishika kichwa: "Unaniharibia gari!"
"Sijaliharibu. Nimeliuliza tu."

Tulikwangua. Nyeupe ya juzi;
chini yake bluu ya enzi za baba yake;
chini ya bluu, kijani,
na juu ya kijani herufi za brashi, za mkono uliojua kazi:
K, W, I, N,
mkia wa neno umeliwa.
Akanyamaza muda mrefu.
"Babu alibeba magome ya kwinini," akasema.
"Mikono yake ilikuwa michungu.
Akitumegea ugali, tulitema."
Kisha, akiwa ameshaanza kuondoka:
"Upande huo usiupake rangi."

Cishugi, kijana wangu wa kazi,
alichovya kidole kwenye vumbi jekundu, akalamba.
"Si chungu. Ni kama damu."

Kiraka tulikikata kwenye mlango wa frigo ya Mama Namwezi,
iliyouawa na umeme wa kwenda na kurudi.
Na umeme huohuo, mgeni asiye na haya,
huja kwetu saa nane za usiku.
Ndipo tunachomelea.
Kila nikigusisha fimbo kwenye bati
taa za mtaa mzima zinasinzia.

Dirisha la juu likafunguka: Nabintu,
aliyebakiza siku tisa aingie mtihani wa Dola.
"Fundi! Unanilia maneno!"
Tukapatana. Asome ukurasa, agonge kioo mara moja;
mimi nichomelee wakati amefumba macho akikariri.
Hivyo Pejo ikashonwa kwa kemia:
"Chuma, na maji, na hewa..."
cheche
"...chuma hakipotei, kinarudi
kufanana na udongo kilimotoka..."
cheche

Nikainua barakoa.
"Rudia hiyo ya mwisho."
Akarudia.
Nikaangaza tochi chini ya gari:
kutu tuliyoikwangua, udongo mwekundu wa kilima chetu.
Sikuweza kuonyesha mpaka.
"Kinachukua muda gani?"
"Hapa hawajaandika."
Akagonga kioo. Nikashusha barakoa.

Jumamosi ilifika, gari likiwa bado la kijivu,
rangi ya kuzuia kutu tu, kama mtu aliyepakwa majivu.
Zihalirwa alilichukua hivyohivyo,
akafunga maua kwenye vioo,
na bibi harusi akapanda, akaweka kiatu
juu ya mlango wa frigo, uliobaki mweupe,
wenye alama ya duara ya sumaku ya zamani.
"Mbona hapa kuna baridi?" akauliza.
Cishugi akageuka kucheka ukutani.

Mvua ikaanza kabla hawajawasha.
Matone makubwa, machache, yaliyoachana.
Nilisimama bila mwavuli, nyundo mfukoni,
nikisikiliza kwenye mlango, kwenye tao, pembeni mwa sanduku:
nti.
Nti, nti.
Nti.