Hodhi Lina Mwenyewe

Leo siku ya tatu hatujaoga.
Hodhini mna samaki, kanunuliwa mzima sokoni,
kaja kwa ndoo, theluji ikimdondokea njiani,
na sasa anazunguka polepole
kama mtu aliyesahau alichokifuata chumbani.
Hapa Toruń Krismasi haipigi hodi mlangoni,
huja na maji, ikapiga hodi hodhini.

Sadza, mweusi wa masizi,
kakaa ukingoni tangu juzi, mkia umening'inia ndani,
hali, halali.
Sijui anamlinda au anamhesabia siku.
Kluska, ajuza wa kilo saba, hana habari.
Ameketi juu ya malaika wa karatasi ndani ya boksi la mapambo,
na kila nikimwondoa hunitazama
kama mwenye nyumba anayedaiwa kodi na mpangaji.

Nakanda unga. Otylia anafinya kingo za sambusa za kuchemsha,
za uyoga na kabichi chachu:
nyingine zimefumba, nyingine zinacheka.
Bitiruti zimetia damu vidole, kisu, kitasa cha mlango,
na unyayo mmoja mwekundu umevuka sakafu
ukapanda kitandani.

Seweryn ameapa, asubuhi atamchinja samaki.
Amenoa kisu. Amekinoa tena.
Kisu kimekonda, na yeye kadhalika.

Usiku wa manane: chubwi!
Kisha kishindo, kisha maji
yakipenya chini ya mlango kama abiria waliochelewa treni.
Sadza alikuwa ameingia kumjulia hali jirani.
Tulimkuta kakumbatia bomba, amelowa, amepungua nusu
(kumbe paka ni manyoya tu na majivuno)
na samaki yuko pembeni, salama, ndevu zinamtikisika.

Maji hayana adabu. Yakashuka kwa bwana Gorzelak,
ambaye tangu Machi hatujamwambia hata "umeamkaje",
kwa sababu ya baiskeli ngazini
na maneno yaliyoifuata baiskeli.
Akapanda na pajama na ndoo.
Akaitazama sakafu. Akamtazama paka ndani ya taulo.
Akamtazama samaki, akamtazama Seweryn, akakiona kisu.
"Nilipika melini miaka kumi na tisa," alisema. "Mtoto akalale."
Sikuangalia.
Nilisikia bomba likifunguliwa, likifungwa.

Jioni yake, mawingu mazito.
Bila nyota ya kwanza hakuna wa kugusa kijiko,
na Otylia kabandika pua kwenye kioo,
Kluska kabandika ya pili.
"Ile!"
Ilikuwa taa ya kreni, ng'ambo ya mto.
Tulikula.

Nyasi kavu za chini ya kitambaa Kluska alishazivuta zote.
Ile sahani ya ziada, ya mgeni asiyetarajiwa, iliwekwa mahali pake,
na kiti chake kakikalia Sadza, bado ananuka dimbwi.
Mara, hodi.
"Nimefuata ndoo yangu," alisema bwana Gorzelak,
na tai shingoni.
Nani huvaa tai kufuata ndoo?
Akamnyanyua Sadza, akaketi, akamrudisha pajani,
na baiskeli haikutajwa.

Tukamegeana ule mkate mwembamba kama karatasi,
mweupe wetu, wa waridi wa wanyama.
Kluska aliula wake, akaula na wa mwenzie.

Husemwa usiku huu, saa sita, wanyama hunena.
Otylia alingoja na daftari.
Saa nne usingizi ukamwangusha juu ya neno "Sadza",
nukta mbili,
na ukurasa mtupu.

Saa sita nilikuwa nasuuza sufuria.
Sadza alinipita bila kunitazama, akaenda bafuni,
akapanda ukingoni.
Hodhi jeupe, kavu.
Akatoa sauti moja, fupi, ya kuuliza.

Sikuwa na jibu, la kipaka wala la kibinadamu.
Nikaketi naye pale ukingoni,
mikono inanuka siki,
mpaka miguu ikafa ganzi.