Samahani Kukuamsha

Barua ya sitini na tatu niliituma alfajiri
nikiwa ndani ya gari, injini ikinguruma nisigande,
sare ya zamu ikinuka klorini na kahawa ya jana.
Kioo cha mbele kilikuwa barafu tupu.
Huko nje, Ziwa Superior lilikuwa jeupe mpaka macho yalipochoka.

Miaka kumi na minne nimelala mchana
na kushinda usiku wodi ya tatu, Marquette.
Nimegeuza migongo, nimeshika mabeseni,
nimewafumba macho waliokwenda kabla ya ndugu kufika.
Kisha masomo, miaka mitatu, vitabu juu ya meza ya jikoni
kati ya sukari na kazi za shule za Saara.
Sasa mimi ni muuguzi-tabibu. Cheti kinasema.
Nina ruhusa ya kupima, kutaja ugonjwa kwa jina lake,
kuandika dawa.

Lakini kila tangazo: uzoefu, miaka miwili.
Uzoefu gani? Ule wangu hauhesabiki.
Nitaupata wapi mwingine, unauzwa duka gani,
kwa kilo au kwa mita?

Saara huchora mstari kwenye mlango wa friji
kila barua ikitoka. Duane, mume wangu, hakusema kitu.
Alinunua kalamu nyingine.

Green Bay waliniita. Watu watano, tai nne.
"Unajiona wapi baada ya miaka mitano?"
Nilikuwa nimetoka zamu. Nilijiona nimelala.
Nikajibu maneno mazuri, nimeyasahau.
Walisema watanipigia.
Hadi leo sijui simu yao iliharibikia wapi.

Halafu Pelkola: zahanati moja, pampu moja ya petroli,
jengo lililokuwa benki zamani.
Chanjo hutunzwa ndani ya kuba la chuma
ambamo wachimba shaba waliweka akiba zao.
Verna Lahti, msimamizi, hakufungua faili langu.
"Unaweza kuendesha gari kwenye theluji?"
"Nimeolewa na dereva wa katapila la theluji."
"Utaanza lini?"

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Yangu ilining'inia shingoni, na kitambulisho,
na picha niliyopigwa nimefumba jicho moja.
Mgonjwa wa kwanza, mzee Kangas,
alikuja na ndoano kwenye kidole gumba,
ile ya kuvulia samaki katika tundu la barafu.
"Daktari yuko wapi?"
"Leo ni mimi."
Akautazama mlango. Akanitazama. Akakitazama kidole.
"Basi," akasema, akakinyoosha.

Ndoano ilitoka. Nikamwandikia dawa, nikatia sahihi,
nikageuka, mkono bado umeshika karatasi,
kumtafuta wa kutia sahihi chini ya yangu.
Nyuma yangu ulikuwa ukuta
na kalenda ya kampuni ya gesi.
Nilisimama hapo muda mrefu kuliko ilivyofaa.
Mzee akakohoa kidogo, kwa adabu.

Jana usiku, saa nane, simu ililia.
Sauti changa, kutoka nyumba ya wazee kilimani:
"Samahani kukuamsha."

Maneno hayo nayajua uzito wake.
Nimeyasema gizani mara elfu, moyo ukienda mbio,
kwa watu waliokata simu
kabla sijafika kwenye presha.

"Hujaniamsha," nikadanganya.
"Anapumua mara ngapi kwa dakika?
Hapana, usikisie. Nenda ukahesabu, dakika nzima.
Niko hapa."

Akaweka simu mezani.
Nikaketi, nyayo juu ya sakafu ya baridi,
nikisikiliza viatu vyake vikienda
kwenye korido ndefu, vikienda,
mpaka sikuvisikia tena.