Agosti Ilikula Wekundu

Kioo chenyewe ni kidogo, waweza kukidhani alamisho la kitabu.
Juu yake vidoto elfu ishirini na mbili,
kila kidoto jeni moja ya mpunga,
na kila jeni ina siku yake ya kusema.

Ornella Bertolusso ndiye aliyenifunza kazi:
miche iliyonyweshwa, ujumbe wake tunaupaka kijani;
miche iliyonyimwa maji siku tisa,
ujumbe wake tunaupaka nyekundu.
Changanya. Mwaga. Funika.
Usiku kucha kila uzi utamtafuta pacha wake gizani
na kumshika.
Asubuhi osha, mara tatu, usiwe na pupa.
Kinachobaki ndicho kilichosemwa.

Kijani: aliyenena wakati wa shibe.
Nyekundu: aliyepiga kelele kwa kiu.
Njano: anasema yaleyale, iwe njaa iwe karamu,
“kama shemeji yangu,” akasema Ornella.

Mwezi Machi, Torino bado ikitazama theluji milimani,
mpunga ulilalamika kwa nukta mia nne nyekundu.
Nyingine hazina majina, ni namba tu.
Hizo ndizo nilizozipenda.

Juni, mia mbili.
Julai, hamsini na sita.
Agosti maduka yameteremsha mabati, wenye mji wako baharini,
moshi umeulalia mto Po kama blanketi la mgonjwa,
na leza inapita kiooni, inarudi mikono mitupu:
kijani, kijani, kijani.
Majani yamejikunja mbele yangu kama sigara,
na kioo kinaapa hakuna aliyelalamika.

“Umezoea,” profesa akasema kwa simu. “Mpunga umeizoea kiu.”
Nadharia nzuri. Ilikuwa na jedwali.
Nilianza kuiamini.

Ornella akaosha kioo kipya saa kumi alfajiri,
akakipitisha kwenye skana: kimejaa damu.
Alasiri akakiweka dirishani, dirisha wazi,
tukanywa kahawa, dakika ishirini,
akakipitisha tena.
Wekundu haukuwepo.

“Ozoni,” akasema, akakisogeza kikombe.
Jua likipika moshi wa magari, hewa hupata meno,
na meno hayo huila rangi moja, huiacha nyingine.

Kimya kingi, wanasema, kina mshindo mkuu.
Kimya kile hakikuwa cha mpunga hata kidogo.
Kiliingia kwa dirisha letu.

Basi tukawa watu wa alfajiri,
tukiosha vioo kabla mji haujawasha injini.
Mia nne na tatu. Nilizihesabu mara mbili.

Jumapili nikampigia baba, Vercelli.
“Shamba lipo. Maji yapo. Wewe soma.”
Nikaisikiliza hewa iliyokuwa kati yetu,
kilomita sabini za hewa ya Agosti,
nikauliza treni ya kwanza inaondoka saa ngapi.