Dirisha la Wodi ya Saba

Julai hii Nairobi haina huruma.
Ukungu umeshuka kutoka Ngong
ukaketi juu ya mabati ya jikoni,
hata ndege ndogo za Wilson zimekataa kuruka,
nami napita kitanda hadi kitanda
nikifungua madirisha.

"Sista, unataka kutuua kwa baridi?"
Ni Ndolo huyo, kitanda cha tatu,
fundi wa kuchomelea mageti Kariobangi,
mbavu zake sasa ni geti lisilopakwa rangi.
Namwambia, hewa, baba. Ya ndani itoke, ya nje iingie.
Ananiambia, hewa gani, hii ni barafu.
Sote wawili tunasema kweli.

Mgonjwa haulizwi uji, walisema.
Je, baridi huulizwa?
Mwongozo ukutani unasema hewa ipite.
Hausemi blanketi zitatoka wapi.
Nimempa ile ya Wafula aliyeruhusiwa jana,
imefuliwa, pindoni haijakauka vizuri.
Nimemviringa miguu nayo.
Dirisha nimeliacha wazi.

Barakoa zimebaki mbili,
zile nene, zinazochubua pua.
Moja ni ya Nyaboke wa zamu ya asubuhi.
Nyingine ni yangu, ya tangu juzi,
naihifadhi kwenye bahasha ya kaki yenye jina langu
kama mshahara.

Saa tisa usiku, kengele ya chumba cha pembeni.
Halake, miaka kumi na tisa, kifua kikuu sugu,
mwezi wa pili wa dawa zinazompigia filimbi masikioni.
Damu kidogo kwenye kikombe,
nikaandika: kidogo.
Nikarudi kuvaa, na mkanda wa barakoa
ukakatika mkononi mwangu.

Niliitazama ya Nyaboke.
Ana mtoto wa miezi minne. Najua jina la mtoto.
Nikahesabu: stoo hufunguliwa saa mbili,
Nyaboke huingia saa moja,
saa nzima bila ukuta usoni.
Na kule pembeni, hatua kumi na mbili,
kikohozi kilikuwa kimeanza kuwa na maji ndani yake.

Nilifunga fundo.
Fundo la ndama, alilonifunza babangu Kabiyet,
linalokaza kadiri mnyama anavyovuta.
Nikajipima: nikapuliza,
upande wa kushoto hewa ikaponyoka.
Kidogo tu, nikajiambia.
Neno lile lile nililoandika juu ya damu.
Nikaingia.

Nilimkalisha, nikamwegemeza,
mkono wangu mgongoni pake, glavu juu ya jasho.
Alinisukuma.
Nilidhani ni woga, nikamshika tena, akanisukuma tena,
kisha akajikokota hadi ukingo wa kitanda
akatoa kichwa dirishani,
akakohoa nje, kwenye ukungu,
mbali na mimi.
Mtoto wa watu anazama
na bado anachagua pa kukoholea.

Daktari alikuja. Sindano, mtungi, simu.
Kulipopambazuka alikuwa hai, mweupe midomo,
akiuliza kwa ishara kama nimekula.

Nyaboke alifika na baridi kwenye sweta yake.
Nikampa ripoti, kitanda kwa kitanda,
nikampa barakoa yake ikiwa bado kwenye plastiki.
"Na wewe ulitumia nini?"
Ningeweza kusema mengi. Nikamwonyesha fundo.
Alilitazama kwa muda mrefu.
Hakunisifu. Hakunigombeza.
Alitoa mkasi mfukoni akalikata,
kipande kimoja, kipande kingine, kwenye ndoo nyekundu,
kisha akachukua fomu ya vipimo
akaandika jina langu, kwa mwandiko mzuri,
mahali pa mgonjwa.

Kitanda cha tatu, blanketi likasogea.
"Jamani, dirisha."
Tukajibu kwa pamoja, bila kugeuka:
hapana.