Kisanduku Kisichokuwepo

Kiwanja cha chini, chuo kikuu, saa kumi.
Upepo wa Dodoma umeniingiza vumbi hadi kwenye meno.
Naandika: Chidawali, kiungo, mwaka wa tatu, ualimu wa hisabati.
Mita thelathini: sekunde nne nukta mbili,
ingawa nilichelewa kubonya, nilikuwa nafikicha macho.
Mguu wa kushoto: wa kusimamia tu.

Klabu inataka namba. Haya, namba.
Pasi arobaini na moja, sita zimepotea,
mbili kati ya hizo zilikuwa sahihi
ila mshambuliaji alikuwa bado anawaza.

Hiyo naijaza wapi?
Fomu haina kisanduku cha mtu
anayechungulia nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia,
kama muuza zabibu wa Majengo anavyomjua
mnunuzi, na anayeonja tu.

Mwaka juzi nilimpitisha kijana wa Kongwa, tisa kwa kumi.
Leo anauza vocha Nkuhungu. Goti.
Niliyemkata kwa wembamba
anafunga kila Jumamosi, na mke wangu hunikumbusha.

Filimbi. Wenzake wamekimbilia maji.
Chidawali anaokota koni, hakutumwa na mtu.

Nafuta “tabia: wastani”.
Napaacha wazi.