Ndoo Tupu

Honoka, leta penseli. Si ya rangi, ile ya kawaida.
Andika juu kabisa: Jumamosi, bamvua,
maji yanakupwa saa nne na robo asubuhi.
Kutoka Kumagaya hadi pwani ya Izu ni saa nne za gari,
basi tunaondoka saa kumi alfajiri
na wewe utalala kiti cha nyuma na viatu vya mpira miguuni,
usinibishie.

Leo mchana, nikiwa chini ya basi, breki zimefunguliwa,
nilipiga simu ushirika wa wavuvi.
Akapokea Bi Kurihara, sauti ya mtu anayetafuna biskuti.
Chaza, akasema, hapana. Pweza hapana.
Kamba-mawe, jongoo bahari, mwani hata wa kufunga kidole,
hapana: vina wenyewe, na wenyewe wana watoto shuleni.
Wavu wa mkono, ruksa. Mkuki, thubutu!
Na wale visamaki wa rangi? nikauliza.
Akacheka. Hao wageni wa msimu? Hao hawana mwenyewe.
Ila jiwe ukiligeuza, lirudishe ulivyolikuta.
Liandike hilo. Lipigie mstari.

Wageni, ndiyo. Mkondo huwabeba kutoka kusini
wakiwa wadogo kama punje ya mchele,
ukawatua huku mwezi wa nane, maji vuguvugu,
wakanenepa, wakavaa manjano,
na Desemba baridi ikiingia, basi.
Njia ya kurudi hawaijui.
Ukaniuliza: kwa hiyo, baba, tunawaokoa?
Nikanyamaza muda wa kumenya chungwa zima.

Maana mwaka jana tulisema hivyohivyo, kuokoa,
tukapakia watano kwenye ndoo ya kufulia,
foleni ikatushika kabla ya Odawara,
jua kwenye kioo, redio ikihesabu kilomita,
na tulipofika nyumbani ndoo ilikuwa kimya.
Sheria haikutudai kitu. Kibali kilikuwa mfukoni, kimekunjwa vizuri.
Mama yako aliwazika chini ya mnyanya, bila neno,
na nyanya zile zilinishinda kula.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Na mgeni je, nani amponye?

Kwa hiyo hatuokoi. Andika: tunachukua.
Tunachukua kwa kuwa tunapenda
kutazama kitu cha manjano kikigeuka majini
usiku, nikitoka kazini, mikono ikinuka dizeli.
Neno halipendezi, lakini ndilo.

Tangi letu ni lita sitini. Kipimajoto kipya kipo.
Ndoo ya kufulia ibaki nyumbani; tunabeba ile nyeupe, yenye kifuniko.
Chupa mbili za barafu, zifungwe taulo.
Kurudi tupitie njia ya milimani, hata kama unatapika.
Nilikuwa nimeandika samaki wanne. Nimekata. Wawili.
Wewe, bila kunitazama, umeongeza pembeni
kwa herufi ndogo: au hakuna.

Haya, kalale. Pampu ya betri nimeiweka ndani ya ndoo,
maji ya bomba tu,
nione kama itafika asubuhi.

Saa nane usiku naamka: bado inanguruma.
Mama yako, gizani, ananiuliza, kuna nini humo?
Bado, namwambia. Bado hakuna kitu.