Zamu ya Maji, Mkesha wa Krismasi

Desemba mlima wote unajaa.
Magari ya Dar yanapanda Mbokomu kwa gia ya kwanza,
matope mpaka kwenye vioo,
na shemeji Nderingo anashuka na raba nyeupe,
anakanyaga tuta langu la saladi, anauliza,
"Shemeji, si hapa palikuwa na njia?"

Palikuwa na njia. Mwaka jana.
Nacheka, nakaribisha, napokea mizigo,
moyoni nahesabu miche: sita imelala,
mmoja labda utainuka.

Halafu kuna msaipresi wa kona.
Nimemwona Gladness, binti yake,
akiuzunguka mara mbili, kichwa upande,
akiupima kwa macho, wapi panga, wapi taa.
Mti ule niliuotesha kwenye pakiti ya maziwa
niliyoitoboa kwa msumari,
mwaka tuliomzika Anaeli.
Hauna habari kwamba umekuwa mzuri.
Kazi yake ni kuzuia upepo.

Jana Kunda kanipigia kutoka Ujerumani.
Mama, huku ndiyo katikati ya baridi,
udongo mgumu kama kigae,
wenye bustani wamefunga milango,
wanakunywa chai na kuchagua mbegu kwenye vitabu.
Nikawaonea wivu, Mungu anisamehe.
Kuwa na ardhi inayokuambia: basi, pumzika!
Yangu haijawahi. Wandering'oa leo, kesho wameota,
na konokono hawafungi duka kwa ajili ya Noeli.
Baridi yetu sisi ni Julai,
ukungu wiki tatu, mlima hauonekani, kuni mbichi,
na Julai hakuna gari linalopanda huku.

Basi vuli ikakatika mapema,
na katibu wa mfereji akasoma orodha:
Mama Kunda, tarehe ishirini na nne,
saa nne usiku mpaka saa nane.
Nikasema, Ndewario, huo ni mkesha!
Akasema, hukuja kikaoni.

Kwa hiyo wao kanisani, mimi mtaroni.
Mtori nimeuacha jikoni umefunikwa,
mabuti ya marehemu miguuni,
tochi nimeing'ata kwa meno.
Nikabomoa kizibo cha magome ya migomba,
nikasubiri.
Kwanza hakuna kitu. Giza, vyura.
Kisha yakaja na povu, na majani makavu,
na kandambili ya mtu wa juu huko,
yakaingia tuta la kwanza kwa sauti
ya mtoto anayekunywa uji kwa pupa.
Kengele ikalia. Wakaanza kuimba.
Nikaimba nami, kwa puani, kwa sababu ya tochi.

"Mama mkubwa?"
Gladness, amesimama kwenye migomba,
gauni la kanisani limekunjwa mpaka magotini,
viatu mkononi.
Kasema ibada ni ndefu.
Kasema, maji yanajuaje pa kwenda?
Nikamwambia hayajui. Ndiyo maana hatulali.
Nikampa jembe.
Alifungua tuta la vitunguu vibaya sana,
maji yakakimbilia kwa jirani,
tukayarudisha kwa mikono, kwa magoti,
kwa gauni lile lile.

Ili mikono iwe huru
alitundika tochi kwenye tawi la msaipresi.
Mwanga ukashuka kijani hadi chini
ambako maji yalikuwa yakifika polepole,
yakazunguka shina, yakazama.
Alitazama muda mrefu.
Hakusema neno juu ya panga,
na mimi sikumkumbusha.

Saa nane kamili mtu akakohoa gizani.
Baba Ndelilio, jembe begani, shati la sikukuu.
"Heri ya Krismasi," akasema.
"Fungeni. Zamu yangu."